Je, Vita vya Wapagazi Vinachekesha?

MSOMAJI: Riwaya inayochekesha kuhusu Vita vya Kwanza vya Dunia vilivyopiganwa Tanga, Taveta na Rufiji ingefaa isomwe na watu wa Tanga, Taveta na Rufiji kabla ya wengine wote. William Boyd aliitoa mwaka 1982, akaiita An Ice-Cream War, yaani Vita vya Aiskrimu, na mwaka huohuo ikaingia kwenye orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker. Hadithi inaanza Juni 1914. Temple Smith, Mmarekani mwenye shamba la mkonge karibu na Taveta, upande wa Waingereza, anaelewana vizuri tu na jirani yake wa ng'ambo ya mpaka, Mjerumani Erich von Bishop. Agosti vita vinalipuka Ulaya. Jirani anakuja na askari, anamtoa Temple shambani, na baadaye korona yake, ile mashine kubwa ya kuchakata majani ya mkonge, inatoweka. Temple anaingia vitani. Haingii kwa ajili ya mfalme wa Uingereza, maana si mfalme wake. Anaitafuta mashine yake, na ataitafuta miaka nenda miaka rudi. Kuna vitabu vizito vya historia ambavyo havijaueleza upuuzi wa vita vile kwa uwazi wa namna hiyo.

MWALIMU: Kwamba kinachekesha, hilo halina ubishi, dada yangu. Ubishi uko kwa anayechekwa, na zaidi kwa yule ambaye hata kuchekwa hakupewa nafasi. Hesabu wahusika wenye jina, mke, madeni na ndoto. Kuna Temple. Kuna von Bishop na mkewe Liesl. Kuna Gabriel na Felix Cobb, ndugu wawili waliolelewa kwenye jumba la kifahari kule Kent, na Charis, mke wa Gabriel, ambaye fungate lake linakatizwa na vita. Kuna Wheech-Browning, ofisa wa serikali asiyejua kulia wala kushoto. Wazungu watupu. Waafrika wamo tele kitabuni, lakini kila wanapoonekana wameshika kitu cha mtu mwingine: bunduki, machela, chai.

MSOMAJI: Ndivyo ilivyokuwa, Mwalimu. Vita havikuitishwa na Wadigo wala Wapare. Mwandishi wa tashtiti humlenga mwenye amri. Lau Boyd angewageuzia mzaha wapagazi, leo tungekuwa na mjadala mwingine kabisa, na Mwalimu angekuwa na haki ya kukitupa kitabu. Amewalenga maofisa, na wala hakulazimika kutia chumvi.

Chukua Tanga. Tarehe 2 Novemba 1914 msafara wa meli za Waingereza ulifika nje ya mji ukiwa na askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, wamechoshwa na safari ndefu ya bahari, chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken. Kabla ya kushambulia, nahodha wa manowari Fox akaenda kuwaarifu wakuu wa mji kwamba yale makubaliano ya kutoushambulia yamefutwa. Yaani mwizi amebisha hodi. Wajerumani wakapata muda, na kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, akaleta vikosi vyake kwa reli kutoka Moshi. Waingereza, kwa hofu ya mabomu ya baharini ambayo hayakuwepo, waliteremka Ras Kasone, wakaingia kwenye minazi na mipira bila kupeleleza mbele yao kuna nini. Waliokuwa wakiwasubiri hawakuzidi sana 1,000. Tarehe 5 wavamizi wanarudi melini, nyuma wameacha bunduki za rashasha 16 na risasi kama 600,000, zana ambazo Lettow-Vorbeck alizipokea kwa mikono miwili. Na katikati ya vurugu hizo nyuki walitoka mizingani wakaanza kuuma watu. Boyd aongeze nini hapo?

MWALIMU: Nyuki walikuwepo, na hawakuchagua bendera, ingawa kuna Waingereza walioapa kwamba Wajerumani ndio waliowatega. Lakini tuwe waangalifu na utamu wa visa vya Tanga. Vingi vimepitia kwenye shajara za Richard Meinertzhagen, ofisa wa upelelezi wa Aitken. Watafiti wa baadaye walimkuta bwana huyu ameiba ndege waliokaushwa kwenye makumbusho na kughushi maelezo yao, na shajara zenyewe zimeandikwa upya hapa na pale ili yeye aonekane ndiye pekee aliyekuwa na akili. Kisa kikiwa kitamu mno, mwanahistoria hulazimika kuuliza kimepikwa na nani.

Halafu kuna hili. Waliolala chini ya minazi ya Ras Kasone walikuwa vijana kutoka Rajputana na kusini mwa India, watu wasio na ugomvi na yeyote wa Tanga. Kicheko kinamfikia Aitken, ambaye alirudishwa kwao, akashushwa cheo na kustaafishwa. Maiti zilikuwa za vijana hao.

MSOMAJI: Basi mtoe Meinertzhagen, mfute kabisa. Kichekesho kinabaki. Kuna kamanda mmoja wa jeshi la wanamaji la Uingereza, Geoffrey Spicer-Simson, aliyepewa mashua mbili za injini akawapige Wajerumani Ziwa Tanganyika. Akataka kuziita Mbwa na Paka. Wakubwa wake wakakataa, akaziita Mimi na Toutou. Mashua zikapelekwa kwa meli hadi Cape Town, kwa treni hadi Katanga, kisha zikaburutwa misituni na milimani Kongo, hatimaye zikafika ziwani, huko kamanda akiongoza mapambano amevaa sketi ya kaki. Meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, wala hakuigusa. Wenyewe waliizamisha Julai 1916 baada ya kupaka mitambo grisi, Waingereza wakaja kuiibua 1924, na ndiyo hiyo Liemba ya Kigoma tunayoijua sote. Sasa mtu aandike historia ya mambo haya kwa uso wa msibani?

MZEE: Mashua hizo, binti yangu, ziliburutwa na nani?

MSOMAJI: Na matrekta ya mvuke, Mzee. Na ng'ombe. Na watu.

Mzee aliyeingilia kati ni mjukuu wa mpagazi kutoka Kenya. Babu yake alichukuliwa mwaka 1917, ule mwaka ambao ofisa wa kikoloni John Ainsworth aliwasukuma maofisa wa wilaya wakusanye wanaume kwa makumi ya maelfu, na hakurudi. Riwaya yenyewe amesomewa na wajukuu zake, sura baada ya sura, na alicheka palepale wanapocheka wengine. Hilo halikumfanya akubaliane nao.

MZEE: Watu, ndiyo. Walikata miti, wakajenga madaraja zaidi ya mia, ili sketi ya kamanda isilowe. Vitabu vinamkumbuka mwenye sketi. Na wasomi wakishamaliza kueleza, hutupa ile methali ya tembo wakipigana na nyasi kuumia. Nyasi hazikuandikishwa. Nyasi hazikukamatwa usiku, hazikupewa namba, wala hazikubebeshwa sanduku la risasi kutoka Voi mpaka Rufiji. Babu yangu hakuwa nyasi.

MWALIMU: Na sababu ya kubebeshwa masanduku hayo, Mzee, ilikuwa mdudu. Jenerali Jan Smuts wa upande wa Waingereza alipoingia na wapanda farasi wake mwaka 1916, mbung'o waliwamaliza farasi na nyumbu kwa maelfu. Reli zilikuwa chache, na masika yakija barabara zinageuka tope. Ikabaki migongo ya watu.

Hesabu yake ni ya darasa la nne, lakini inatisha. Mpagazi anabeba kama kilo 25 na anakula karibu kilo moja kwa siku. Akiwa amebeba chakula, siku 12 za kwenda na siku 12 za kurudi zinatosha kuumaliza mzigo wote kwa mdomo wake mwenyewe, na askari aliye mbele hajapata hata kibaba. Ili mzigo mmoja ufike mbali, inabidi wapagazi wengine wabebe chakula cha wapagazi. Hesabu ikigoma, kinachopunguzwa ni posho ya mpagazi. Watu waliozoea ndizi, wali au mtama wakapewa unga wa mahindi, sufuria hazitoshi, kuni zimelowa, muda wa kuuivisha hakuna. Wakaharisha damu. Ugonjwa huo, malaria na kichomi viliua kuliko risasi. Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi karibu milioni moja katika vita hivyo, na wanahistoria hukadiria kwamba waliokufa walikaribia 100,000, wengine wanataja zaidi. Wa upande wa Wajerumani hakuna aliyejisumbua kuwahesabu. Naomba nielezwe hapo mtu acheke wapi.

MSOMAJI: Hachekeshwi hapo, na Boyd hajajaribu. Anayedai kwamba riwaya ni mzaha mwanzo mwisho hakufika mbali. Felix Cobb, kijana wa Oxford mwenye macho mabovu, anakuja Afrika kumtafuta kaka yake, anapachikwa kwenye kikosi cha Wanigeria, anakwama Rufiji kwenye mvua za 1917. Huko kazi yao si kupigana, ni kufa njaa. Na hilo halikubuniwa. Kikosi cha Nigeria kilikaa kweli kwenye tope la Rufiji kwa posho iliyokatwa mpaka watu wakala mizizi. Msomaji aliyekuwa akimcheka Wheech-Browning sura mbili nyuma anashtuka kicheko kimemkauka, naye hajui kilikauka ukurasa gani. Mwanzoni mwa kitabu Boyd ameweka barua ya Oktoba 1914 inayosema vita vya huku vitakwisha kwa miezi miwili kwa sababu ya joto, na jina la riwaya limetoka humo. Vilikwenda miaka minne. Ninachosema ni kwamba hasira ya msomaji inatokana na kicheko hichohicho. Angepewa takwimu za Mwalimu tangu ukurasa wa kwanza, angefunga kitabu.

MWALIMU: Hiyo ndiyo hofu yenyewe, kwamba bila kuchekeshwa watu hawatasikiliza. Jaroslav Hašek aliandika kuhusu askari Švejk, lakini Hašek mwenyewe alivaa sare ya jeshi la Austria-Hungaria akatekwa na Warusi mwaka 1915. Joseph Heller alipotoa Catch-22 mwaka 1961 alikuwa mtu aliyeruka misheni 60 ndani ya ndege ya mabomu juu ya Italia na Ufaransa. Hawa walicheka kifo kilichowakosakosa wao wenyewe. Boyd alizaliwa 1952. Amecheka kifo kilichowakuta wengine, miaka 64 baada ya wao kuzikwa, kama walizikwa.

MSOMAJI: Alizaliwa Accra, Mwalimu, akakulia Ghana na Nigeria, baba yake daktari, na vita vya Biafra vilimkuta kijana akiwa hukohuko Nigeria. Si mtu aliyeiona Afrika kwenye ramani. Na tukishika sharti la kwamba asiyekuwepo asiandike, tutamfuta na Shaaban Robert. Hakuwa mstari wa mbele Vita vya Pili, lakini alitutungia utenzi mrefu wa vita vile, kuanzia 1939 hata 1945, majenerali na miji ya Ulaya wamo ndani.

MWALIMU: Shaaban hakucheka.

MSOMAJI: Hakucheka, na utenzi wake ukavipokea vita kama vita vya uhuru, kama waliovipigana walivyotaka vipokewe. Heshima yake iko palepale, lakini uzito wa uso haumfanyi mtunzi amwone mtawala vizuri zaidi. Boyd ametoa riwaya yake mwaka uleule ambao Waingereza walisimama bandarini wakipunga bendera kuziaga meli za kwenda vitani Falklands. Hakuiandika kwa ajili ya vita hivyo. Lakini msomaji wa London aliyeifungua mwaka 1982 alikutana na babu zake wakiteremka Tanga kwa kiburi kilekile. Kitabu cha huzuni angekililia, kisha angeendelea kupunga bendera.

Hoja hii ina nguvu kwa msomaji wa London. Mzee hakuwa na haja ya kumjadili msomaji wa London.

MZEE: Niwape kisa kinachopendwa. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wazee waliopigana chini ya Lettow-Vorbeck, ambaye mwenyewe alifariki mwaka huohuo. Husimuliwa kwamba wazee walikusanyika Mwanza, wengi hawana cheti wala karatasi. Mlipaji akapata wazo. Kila aliyepita mbele akampa ufagio, akamtolea amri za gwaride kwa Kijerumani. Inasemekana hakuna aliyekosea hata mmoja.

MWALIMU: Kisa hicho kimerudiwa sana vitabuni, Mzee, na kinapendwa kwa sababu ya wazi. Kinamwonyesha askari mweusi mtiifu, miaka 46 baada ya vita bado anashika ufagio kama bunduki. Wajerumani wamejifuta machozi kwa kisa hicho.

MZEE: Kiwe kweli, kiwe uongo, nina swali. Mpagazi angepimwaje? Angebebeshwa dawati la mlipaji azunguke nalo uwanja mara mbili?

MSOMAJI: Mzee! Hiyo sasa ndiyo tashtiti yenyewe.

MZEE: Ndiyo. Lakini ni yangu. Mzungu wako hakuiona, na alikuwa na kitabu kizima cha kuionea.

MWALIMU: Tuache masihara kidogo, maana Mzee amegusa penyewe. Kuna mahali katika riwaya ile Waafrika wanaacha kubeba na kufanya jambo. Gabriel Cobb, aliyejeruhiwa kwa singe siku ya Tanga, ni mateka. Amekuwa akisaidia hospitalini kwa Liesl, amempenda mke wa mtu, na masikio yake yamenasa habari za mpango wa siri wa Wajerumani. Anatoroka. Von Bishop anamfuata pamoja na rugaruga, wale wapiganaji wasaidizi wa Wajerumani. Rugaruga ndio wanaomfikia kwanza, na wanamkata kichwa.

Kurasa mia kadhaa za mizigo, machela na chai, halafu kitendo kikubwa kuliko vyote cha watu weusi ni hicho. Hawana majina. Hatuambiwi walikotoka, wala kama mmoja wao alikuwa na shamba lililochomwa mwaka 1905 wakati wa Maji Maji, wala nani alimfundisha kazi ya kukata vichwa. Von Bishop anapewa mshtuko na majuto, rugaruga wanapewa panga.

MSOMAJI: Aliyewapeleka ni von Bishop. Riwaya haimsafishi. Felix anaondoka kwenda kulipa kisasi, amevuka nusu ya bara, na akimfikia adui yake anakuta homa ya mafua ya 1918 imekwisha kumtangulia. Kisasi hakipo, haki haipo, na kule nyumbani Charis amejitupa majini. Kila mtu katika kitabu hiki anapoteza, na anapoteza kwa sababu ya kipuuzi.

MWALIMU: Kila mtu mwenye jina anapoteza. Hilo ndilo nimekuwa nikilisema tangu mwanzo.

Msomaji hakulijibu hilo moja kwa moja, na kwa maoni ya mwandishi wa kurasa hizi halina jibu zuri. Alipindisha njia.

MSOMAJI: Mpango wa siri aliousikia Gabriel si wa kubuni. Tarehe 21 Novemba 1917 zepelini L 59 iliondoka Jamboli, Bulgaria, kuja kumwokoa Lettow-Vorbeck. Ilikuwa na tani 15 za risasi, dawa na zana nyingine, na haikutarajiwa kurudi. Kitambaa chake kingeshonwa mahema na nguo, mifupa yake ingegeuzwa mlingoti wa redio. Ikavuka bahari ya Mediterania, ikavuka jangwa, ikafika juu ya Sudan, ndipo redio ikaiambia geuka. Ikarudi. Ilikaa angani saa 95, kilomita zaidi ya 6,700, na haikutua popote Afrika. Nilijua habari hiyo kwa sababu ya riwaya. Bila Boyd nisingetafuta. Baada ya zepelini nikatafuta mapigano ya Salaita, baada ya Salaita nikatafuta ya Mahiwa, na baada ya Mahiwa nikafika kwa wapagazi. Kwa hiyo hao ambao Mwalimu anasema hawamo ndio nilioishia kwao.

MWALIMU: Umefika kwao kwa miguu yako, dada. Mwandishi hakukupeleka. Yupo aliyeanzia kwao. Abdulrazak Gurnah katika Afterlives, mwaka 2020, amemchukua Hamza, kijana aliyejiandikisha mwenyewe uaskari wa Kijerumani, akatembea naye vita vizima, akamrudisha mjini akiwa na jeraha, akampa kazi ya useremala na mke. Vita vilevile, jeshi lilelile. Na kwa Gurnah majenerali ndio wasio na sura. Wapo mbali, kelele tu.

MSOMAJI: Na nani kati ya wanafunzi wa Mwalimu amelia kwa ajili ya Hamza na wakati huohuo akajua Aitken alikuwa nani? Gurnah ametupa aliyeumizwa. Aliyeumiza tunampata wapi, tena akiwa uchi namna ile? Mtawala anaogopa kuchekwa kuliko kuchukiwa. Chuki inamkuza. Mtu aliyemsoma Wheech-Browning, ambaye kila anayetembea naye anakufa na yeye anabaki mzima akiomba radhi, hatapita tena mbele ya picha ya ofisa wa kikoloni akaona ukubwa.

MZEE: Binti yangu ana hoja hapo. Baba yangu aliwaogopa hao watu mpaka anakufa. Ingemfaa awacheke hata siku moja.

MWALIMU: Mzee ananiacha peke yangu?

MZEE: Sikuachi. Nasema kuwacheka kunafaa, ila hakutoshi. Nenda Nairobi, barabara ya Kenyatta. Kuna sanamu ya 1928, watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Dar es Salaam wana askari wao tangu 1927, amesimama pale ilipokuwa sanamu ya Mjerumani Wissmann. Sanamu ninayo. Jina la babu yangu halipo kwenye jiwe lolote, na si kwa bahati mbaya. Waliamua.

MWALIMU: Waliamua, na wamekiri. Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti yake yenyewe. Imesema waliokufa Vita vya Kwanza na hawakuandikwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, ni 116,000 kwa uchache, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Ilikuwa sera. Makaburi ya Wazungu yakapata jiwe kila moja. Kwa wabebaji na askari weusi wakubwa waliona sanamu ya jumla inatosha. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. Na mishahara ya wengi waliopotelea porini haikuwahi kuwafikia jamaa zao.

MSOMAJI: Boyd aliandika miaka 39 kabla ya ripoti hiyo. Majina hayakuwepo ayaweke wapi?

MWALIMU: Riwaya haihitaji orodha ya makaburi. Korona ya Temple ilibuniwa, Liesl alibuniwa. Mpagazi mmoja asingeshindikana kubuniwa.

MZEE: Mwalimu amesema kweli, lakini tumlaumu Boyd mpaka lini? Ameandika vita vya watu wake, na amewacheka watu wake. Lettow-Vorbeck aliposalimu amri kule Abercorn, ambako leo ni Mbala, ilikuwa 25 Novemba 1918. Vita vilikwisha tangu tarehe 11. Siku 14 watu wanabebeshwa mizigo ya vita ambavyo havipo. Waliobeba siku hizo 14 walikuwa wetu, na nani kati yetu ameandika hata kurasa kumi juu yao? Huyo mwandishi ana umri gani, naye anasubiri nini?

MSOMAJI: Atakayeandika, acheke au asicheke?

MZEE: Atajua mwenyewe akishajua aliyebeba aliitwa nani. Mwenye bibi au babu aliyewahi kutaja jina la mpagazi alichukue jina hilo leo, pamoja na kijiji alikotoka na mwaka aliochukuliwa, aliandike kwenye daftari lenye tarehe. Walioyasikia majina hayo kwa masikio yao wamebaki wachache.